SOMO: Biti ya neo-soul (soul ya kisasa) na jazi yenye madaha ya kizamani (soma kabla ya kuuliza)

Nimechoka kuulizwa "mkuu, ule mdundo wa utani unaupataje?" Naandika mara moja.

1. Tempo (mapigo kwa dakika) 84 hadi 92.

2. Chagua sauti ya Rhodes (piano ya umeme). Piga kwa vidole vyepesi.

3. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja): Dm9, G13, Cmaj9. Mkono wa kulia F-A-C-E, kisha F-A-B-E, kisha E-G-B-D. Ona hapo mwanzo: kidole kimoja tu kinahama, C kwenda B. Mzizi (noti ya msingi ya kodi) mwachie besi. Wapiga kinanda wa kwaya, mikono mnayo, ila mnajaza kila tundu. Huku tunapunguza.

4. Ngoma. Hapa ndipo wengi wanaua wimbo. Ukiiachia programu inyooshe kila pigo kwenye mstari, madaha yamekwisha. Zima kunyoosha, gonga kwa mkono, kama mtayarishaji J Dilla wa Detroit na MPC yake (mashine ya pedi za kugongea ngoma). Huna pedi? Kiki (ngoma nzito ya chini) ibaki mahali pake, snea (ngoma kali) irudishe nyuma, yaani ichelewe, milisekunde 15 hadi 25, hai-hati (visahani) ipe swingi (pigo la pili la kila jozi lichelewe kidogo) ya asilimia 56 hadi 60. ONYO: ukichelewesha vyote kwa kiasi kimoja hujafanya kitu, wimbo ni uleule, umechelewa kuanza tu. ONYO la pili: ukizidisha, mpigaji anaonekana kalewa. Sikiliza mpiga ngoma Questlove anavyoburuta kwenye albamu ya Voodoo ya D'Angelo (2000), halafu urudi.

5. Utani wenyewe: mwimbaji aseme mstari mfupi, kinanda kimjibu. Teleza kutoka E♭ kwenda E, kama mtu anayejikwaa makusudi. Kabla ya kiitikio, nyamazisha kila kitu kwa mizani moja.

6. Mkwaruzo wa santuri mwisho, tena kwa mbali. Hauokoi wimbo mbovu.

MASWALI

— Mkuu tempo ngapi?
Hatua ya 1.

— Nimefuata yote, bado inasikika Bongo Fleva ya kawaida. Somo lako halifanyi kazi.
Snea umeirudisha nyuma?
— Hapo bado.
Sasa "yote" ni ipi, bosi?

— Kaka, samahani, mimi napiga gitaa tu. Inawezekana?
Sana, dada. Tumia nyuzi nne nyembamba, ukianzia ya nne (namba ni freti za kubonyeza): 3-5-5-5, kisha 3-4-5-5, kisha 2-4-3-3. Hata huku ni kidole kimoja kinachohama mwanzoni. Usizichape zote kwa pamoja, zinyofoe kwa vidole, na uzikate fupi. Ukimaliza tuwekee tusikie.

— Huku Igoma mvua ikipiga bati, sauti yote inaharibika.
Subiri ikatike, mvua ya bati haichujiki. Ila mwangwi wa chumba unatibika: ning'iniza blanketi zito nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama kule.

— Mi natumia godoro, na narekodi saa nane usiku, bodaboda zimepungua.
Safi. Feni nayo uzime.