Kuendesha Nyumba kwa Sauti Mombasa: Feni Kwanza, Pampu Mwisho

Wengi wakinunua spika janja hukimbilia balbu za rangi. Kwa nyumba ya Mombasa, anza na feni. Ndiyo inayozunguka saa nyingi kuliko kifaa kingine chochote, na ndiyo inayomwamsha mtu alfajiri, baridi ikishaingia dirishani, atoke kitandani kuizima. Plagi janja moja nzuri, ile inayokaa kati ya soketi na waya wa feni na kupokea amri, itakufaa kila usiku. Balbu ya zambarau utaionyesha wageni mara mbili kisha basi.

Jambo la kuelewa kabla ya kununua: spika yenyewe, iwe Amazon Echo Dot au Google Nest Mini, haiwashi chochote. Husikia jina lake, hupeleka maneno yako kwenye intaneti, na amri hurudi kwa plagi, balbu au swichi uliyoiunganisha nayo. Kwa hiyo intaneti ikikatika, spika haina msaada. Ndiyo maana kila unachofunga kiendelee kuwashika na kuzimika kwa mkono kama zamani. Fundi akikuwekea mfumo ambao taa ya choo haiwaki bila Wi-Fi, mrudishe airekebishe.

Unaponunua

Spika iliyotoka Marekani haina shida ya umeme, kwa kuwa chaja yake hupokea volti 100 hadi 240. Unahitaji adapta ya pini tatu tu. Plagi janja ya Marekani ni habari nyingine. Imetengenezewa volti 120, na kwenye soketi yetu ya volti 240 inaweza kuungua. Nunua yenye pini tatu za mraba, kisha usome kiwango chake kilichoandikwa mgongoni. Ampea 10 ni wati 2400. Ampea 13 ni wati 3120. Feni hula wati 50 hadi 75, televisheni mia na kidogo, hizo hazina neno. Birika la umeme na pasi hufika wati 2000 na zaidi, na hata kama plagi inaandika kwamba inaweza, usiitumie: kifaa cha moto hakifai kuwashwa na mtu asiyekiona. Hita ya bafuni ya papo kwa papo hufika wati 5500, yaani ampea 23 hivi, na haiingii kwenye plagi yoyote ya soketi.

Feni nayo ichague kwa kipimo hiki, hata ukiwa bado dukani: iwashe, zima soketi ya ukutani, kisha washa soketi tena. Ikizunguka yenyewe, inafaa. Zile zenye vibonye vinavyobaki vimezama ukivibonyeza hufaulu. Zenye rimoti au vibonye vya kugusa hubaki zimelala umeme ukirudi, na plagi janja haitazisaidia. Hizo zinahitaji kifaa cha kuiga rimoti, tutakifikia.

Feni ya dari ina kidhibiti kasi ukutani. Moduli ya kuwasha na kuzima, yaani swichi janja ndogo inayofichwa kwenye nyaya, hufungwa kabla ya kidhibiti hicho, na kasi unaendelea kuichagua kwa mkono. Usikubali kuwekewa swichi ya kufifisha taa badala yake. Mota huanza kuvuma, hupata joto, na baada ya muda huungua.

Wi-Fi ndiyo inayowatoa watu jasho

Plagi na balbu nyingi za bei ya kawaida hushika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta za siku hizi huweka 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja, simu yako hukaa kwenye 5, na programu inazunguka dakika nzima kisha inasema haijaona kifaa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyatenganishe majina, au zima 5 GHz kwa muda, unganisha vifaa vyote, halafu iwashe tena. Baada ya hapo hatua ni chache:

1. Pakua programu ya plagi (nyingi hutumia Smart Life, za Sonoff hutumia eWeLink) na ufungue akaunti.
2. Chomeka plagi, bonyeza kitufe chake kwa sekunde 5 hivi hadi taa yake ipepese haraka.
3. Simu ikiwa kwenye 2.4 GHz, ongeza kifaa na uandike nywila ya Wi-Fi. Herufi kubwa na ndogo ni muhimu.
4. Kipe kifaa jina, kisha fungua programu ya Alexa (kwa Echo) au Google Home (kwa Nest) na uunganishe akaunti ile ile. Vifaa vitajitokeza vyenyewe.

Ukihama kampuni ya intaneti, ipe ruta mpya jina lile lile na nywila ile ile ya zamani. Vifaa vyote vitarudi bila kuguswa. Usipofanya hivyo utapanda ngazi kuanza upya na balbu moja moja. Hotspoti ya simu haifai kabisa, maana simu ikitoka nyumba nzima imekatika.

Mji wa Kale una tatizo lake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na ishara inayofika barazani vizuri inaweza isivuke ukuta mmoja wa ndani. Dawa ya kudumu ni kuvuta kebo ya mtandao hadi chumba cha pili na kuweka ruta nyingine pale. Vile visambazaji vya kuchomeka ukutani hupunguza kasi, lakini plagi haihitaji kasi, inahitaji kufikiwa tu. Kwa plagi na balbu vinatosha.

Stima inapokwenda na kurudi

Hapa ndipo mipangilio mingi huharibikia. Stima ikirudi saa tisa usiku, balbu janja iliyoachwa na mipangilio ya kiwandani huwaka kwa mwanga wake wote, na nyumba nzima inaamka. Fungua kila kifaa kwenye programu, tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uchague kati ya kuwaka, kuzima, au kurudia kilivyokuwa. Balbu za vyumba vya kulala weka zizime. Feni weka irudie ilivyokuwa. Pampu na kitu chochote chenye mota kubwa kibaki kimezima, bila mjadala.

Mini UPS ya ruta, yaani betri ndogo ya kuishikilia stima ikikatika, haitaokoa feni, kwa sababu feni nayo imekosa stima. Inachookoa ni zile dakika 2 au 3 za ruta kuamka, ambazo plagi nyingine hukata tamaa kungoja, na zile sekunde za stima kupepesa zinazoangusha mtandao wote. Kumbuka kisanduku cha fiber ni kifaa cha pili, nacho kinahitaji umeme. Ruta nyingi ni volti 12, lakini soma lebo. Usijaribu kuichomeka spika humo kwa kubahatisha: chaja ya Nest Mini ni volti 14, na za Echo Dot kadhaa ni 12.

Kiingereza cha spika

Spika hizi hazipokei amri kwa Kiswahili. Chagua kati ya Kiingereza cha Uingereza, Marekani au India na ujaribu kila kimoja kwa siku moja. Cha India mara nyingi huishika lafudhi ya hapa vyema zaidi. Majina ya vifaa yawe mafupi na yasifanane. "Fan" na "lamp" zinasikika. Ukiita "bedroom light one" na "bedroom light two", utazima isiyo.

Nyumbani kuna bibi ambaye hatasema "turn off the fan", na hana sababu ya kusema hivyo. Kwake kuna njia. Mwambie aseme "zima feni" baada ya kuita spika, kisha fungua historia ya sauti kwenye programu uone mashine imeandika nini. Itakuwa mchanganyiko wa maneno ya ajabu ya Kiingereza. Nakili maneno hayo hayo, tengeneza kwenye programu utaratibu mpya (routine) unaoanza na kauli hiyo, na kitendo chake kiwe kuzima feni. Rudia mara kadhaa, kwa sababu mashine haisikii vilevile kila mara, na uongeze kila namna iliyoandika. Kauli za silabi nne au tano hufaulu. Fupi zaidi huchanganywa na maongezi ya kawaida.

Spika ikae sentimita 20 au zaidi kutoka ukutani, mbali na televisheni, na isiwe chini ya feni ya dari, maana upepo kwenye maikrofoni huifanya kiziwi.

Ratiba

Weka saa za Nairobi na anwani sahihi kwanza. Spika iliyobaki na anwani ya Marekani itakupa machweo ya huko na joto la Farenhaiti. Programu ikikataa anwani ya Kenya, panga ratiba ya machweo ndani ya Smart Life badala yake. Na uangalie saa: saa mbili usiku kwenye ratiba ni 20:00.

Mombasa jua huzama kati ya 18:10 na 18:45 mwaka mzima, kwa hiyo taa ya veranda iliyofungwa kwenye machweo haihitaji kuguswa tena. Machweo hayo hayo yanafaa kwa swala ya Magharibi: utaratibu wa kunyamazisha muziki dakika chache kabla utafuata jua wenyewe. Alasiri na Isha hazina kitu cha kufungia, itabidi uandike saa na kuirekebisha kila baada ya wiki chache.

Kwa feni ya kulala, ratiba moja inatosha: izime 04:30. Wanaoishi mjini ambako upepo haufiki wasogeze hadi 06:00.

Taa za ukutani, AC na televisheni

Kwa mpangaji, balbu ndiyo njia, na kabla ya kuinunua angalia holda: nyingi hapa ni za pini mbili, B22, na balbu janja nyingi ni za skrubu, E27. Adapta zipo. Udhaifu wa balbu ni kwamba mtu akizima swichi ya ukutani, imekufa.

Mwenye nyumba afunge moduli nyuma ya swichi, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, meni (swichi kuu ya nyumba) ikiwa imezimwa. Swali la kwanza ni nyutro, waya wa kurudisha umeme. Kisanduku cha swichi mara nyingi kina waya mbili tu, laivu inayoingia na ile inayopanda kwenye taa. Kwenye nyaya za zamani hiyo ya pili inaweza kuwa nyeusi, na mtu akadhani ndiyo nyutro kwa sababu ya rangi. Sivyo, ipimwe kwa mita. Moduli inayohitaji nyutro basi hufungwa juu, kwenye rosi ya dari, pale nyaya za taa zinapoungana. Ukichagua swichi isiyohitaji nyutro, taa ndogo za LED zinaweza kupepesa au kung'aa kidogo zikiwa zimezimwa, kwa sababu swichi hupitisha umeme kidogo kupitia taa ili iishi. Kapasita inayokuja nayo kwenye boksi ndiyo dawa, na hufungwa pale kwenye taa, si kwenye swichi. Pima pia kina cha kisanduku: milimita 25 hazitoshi, tafuta 35 au 47.

AC na feni za rimoti huendeshwa na kifaa kinachotuma mionzi kama rimoti, mfano Broadlink RM4 mini. Mionzi haivuki ukuta, hivyo ni kimoja kwa kila chumba. AC hutii vizuri, kwani kila amri yake hubeba hali nzima: kuwaka, nyuzi 25, kasi ya upepo. Televisheni nyingi zina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, na utaratibu wako wa "usiku mwema" unaweza kuiwasha ikiwa ilikuwa imezimwa tayari. Kwa televisheni, zima kwa plagi.

Pampu, na geti

Pampu ya kupandisha maji tangini usiiunganishe moja kwa moja na plagi janja. Mota huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake inapoanza, na relei ndogo ya plagi, ile swichi ya ndani yake, inaweza kugandana ikiwa imewasha. Hapo pampu haitazimika tena kwa sauti wala kwa simu. Moduli janja iwashe kontakta, swichi nzito ya kuhimili mota, na kontakta ndiyo ibebe pampu. Swichi ya kuelea, inayokata umeme kwa kufuata kimo cha maji, iwe kwenye tangi la juu ili maji yasimwagike, na nyingine kwenye tangi la chini, kwa sababu pampu ikizunguka kavu siku ambayo maji ya mfereji hayakuja huungua sili yake. Halafu kikomo cha muda: pampu ya lita 30 kwa dakika hujaza tangi la lita 1000 kwa dakika 33 hivi, basi kikomo kiwe dakika 40.

Geti la umeme liache nje ya sauti. Kufuli halisi huomba namba ya siri, lakini relei ya geti spika huiona kama swichi ya taa, na haiombi chochote. Na madirisha yetu ni wazi usiku kucha. Aliye nje akipaza sauti, spika itamtii.

Chumvi

Karibu na bahari, Nyali hadi Bamburi hasa, hewa ya chumvi hula shaba ya soketi. Vifaa vya nje viwe ndani ya kisanduku cha IP65 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, nyaya ziingilie chini. Vya ndani vishike kwa mkono kila baada ya miezi michache vikiwa vinafanya kazi: uvuguvugu ni kawaida, moto wa kuondoa mkono si kawaida. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini au alama ya kahawia kwenye soketi, badilisha plagi na soketi pamoja. Soketi iliyoungua itaharibu plagi mpya kama ilivyoharibu ya kwanza.