Somo: Jinsi ya kukagua kiwanda cha kemikali kwa kutumia ajali zilizokwisha kutokea

Somo hili ni la mtu yeyote anayelazimika kuingia kiwandani au ghalani na kutoka na jibu: hapa pako salama, au hapako. Afisa mazingira, mjumbe wa kamati ya usalama kazini, mwandishi wa habari, hata jirani ambaye ukuta wake umepakana na matangi. Huhitaji shahada ya kemia. Unahitaji maswali ambayo kwingine hayakuulizwa mpaka watu walipokuwa wameshakufa.

Chukua daftari. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu kila moja inategemea jibu la ile iliyotangulia.

Hatua ya 1: Uliza kiasi kabla ya kuuliza jina

Wakaguzi wengi huanza na orodha ya majina ya kemikali. Anza na tani. Bhopal, India, mwaka 1984, tangi namba E610 la kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha Union Carbide lilikuwa na takriban tani 40 za methili isosianeti. Kemikali hiyo haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa hatua ya katikati tu ya kutengeneza dawa, na kuna njia ya kutengeneza dawa ileile bila kulimbikiza sumu hiyo hata kidogo. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alitumia miaka mingi akiwafundisha wenzake jambo hili: kisichokuwepo hakiwezi kuvuja.

Kwa hiyo andika: kila kemikali hatari ipo kiasi gani leo, na kwa nini isiwe nusu yake? Ukijibiwa "tumezoea kuweka hivyo", umeshapata kasoro ya kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu kinga zinazofanya kazi leo, si zilizo kwenye mchoro

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa kuwa hapa ndipo watu hudanganyika zaidi.

Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, maji yaliingia ndani ya tangi lile la Bhopal. Methili isosianeti ikikutana na maji huchemka na kutoa joto kali. Kwenye karatasi, kiwanda kilikuwa kimejiandaa. Kulikuwa na mtambo wa kupoza tangi. Ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka ule, na gesi yake ya kupozea ikatumiwa kwingine. Kulikuwa na mnara wa kuchomea gesi inayotoroka. Kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kikisubiri matengenezo. Kulikuwa na mtambo wa kusafisha gesi kwa soda kali. Haukuwa umewashwa, na hata ungekuwa umewashwa haukujengwa kwa wingi ule wa gesi. Kulikuwa na mabomba ya kurusha maji hewani. Maji hayakufika juu gesi ilikotokea. Kulikuwa na tangi la akiba lililopaswa kuwa tupu, halikuwa tupu.

Kinga tano. Usiku ule hakuna hata moja iliyosimama kati ya tangi na watu waliolala nje ya ukuta. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787, makadirio mengine yako juu zaidi, na waliodhurika walizidi nusu milioni.

Kwa hiyo chora jedwali la safu tatu: kinga ipi, mara ya mwisho ilijaribiwa lini, na leo imewashwa au imezimwa. Usijaze ukiwa ofisini. Nenda ukaione, uiguse, muombe fundi wa zamu aiwashe mbele yako. Niliwahi kukuta kigunduzi cha gesi kimefunikwa kwa utepe wa gundi. Nilipouliza, kijana wa zamu akanijibu kwa heshima kabisa kwamba kinalia mno usiku. Kwenye ripoti ya mwezi kigunduzi hicho kilihesabiwa kuwa kizima.

Hatua ya 3: Tafuta kilichobadilishwa karibuni

Flixborough, Uingereza, 1974. Kiwanda kilikuwa na mitungi sita mikubwa iliyopangwa mstari mmoja, ikipitisha sikloheksani, kimiminika kinachoshika moto upesi, ikiwa ya moto na yenye shinikizo. Mwezi Machi mtungi wa tano ukakutwa na ufa. Wakautoa, na ili uzalishaji usisimame wakaunganisha wa nne na wa sita kwa bomba la muda. Mchoro wa bomba hilo ulikuwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyekokotoa nguvu zitakazolipinda, na nafasi ya mhandisi mkuu wa mitambo ilikuwa wazi. Juni 1 bomba likaachia, wingu la mvuke likashika moto, watu 28 wakafa, 18 kati yao wakiwa kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Ilikuwa Jumamosi. Siku ya kazi wangekuwepo mamia.

Neno la kulitafuta ni "kwa muda". Kila bomba la muda, kila valvu iliyorukwa kwa muda, kila kaimu anayeshikilia nafasi kwa muda. Uliza: nani mwenye ujuzi aliidhinisha, kwa karatasi ipi, na mwisho wa huo muda ni lini?

Hatua ya 4: Fuata maji

Watu huiogopa hewa na kuyasahau maji. Novemba 1, 1986 ghala la kampuni ya kemikali ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Zimamoto walifanya kazi yao, lakini ghala halikuwa na bwawa la kukingia maji ya kuzimia moto. Yakatiririka hadi mto Rhine yakiwa yamebeba tani kadhaa za viuatilifu, na mikunga wakafa kwa umbali wa takriban kilomita 400.

Mwaka uliofuata ghala la rangi liliungua Dayton, Marekani, juu ya chemchemi za chini ya ardhi ambazo mji ulikunywa. Wakuu wa zimamoto waliamua kuliacha liungue badala ya kulimwagia maji yakashuka visimani. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi vizuri saa nane usiku kama hakuna aliyeufikiria mchana.

Simama mlangoni mwa ghala ujiulize: nikimwaga maji hapa kwa saa sita, yanaishia wapi? Ukishindwa kujibu, fuata mtaro kwa miguu.

Hatua ya 5: Toka nje ya ukuta

Seveso, Italia, Julai 10, 1976. Kiwanda cha ICMESA kilikuwa kimesimamisha kazi kwa ajili ya mwisho wa juma huku mchanganyiko ukiwa bado ndani ya mtungi. Joto likapanda lenyewe, kizibo cha usalama kikapasuka mchana, na wingu lenye dioksini, sumu kali, likashuka juu ya bustani na watoto. Wakazi wa kwanza kuhamishwa waliondolewa zaidi ya wiki mbili baadaye. Katikati hapo kuku na sungura walikuwa wameshaanza kufa, na ngozi za watoto zimeharibika.

Kule Bhopal king'ora cha nje kililia kidogo kikazimwa, kisha kikawashwa tena watu wakiwa tayari wanakimbia. Wengi walikimbia kufuata upepo, pamoja na gesi.

Kwa hiyo gonga nyumba kumi zilizo karibu na kiwanda. Uliza mambo mawili tu: king'ora kikilia kina maana gani, na wewe utafanya nini? Majibu ya nyumba kumi yatakuambia mengi zaidi kuhusu mpango wa dharura kuliko jalada lake lenye kurasa mia.

Hatua ya 6: Soma sheria ukitafuta nani anawajibika

Kila ajali kubwa imeacha sheria nyuma yake. Seveso ilizaa agizo la Ulaya la mwaka 1982, likafanyiwa marekebisho makubwa 1996 na 2012: kiwanda chenye kemikali kupita kiasi fulani lazima kijitangaze, kiandike ripoti ya usalama na kiwape majirani taarifa, na mipango miji izingatie umbali wa makazi. Baada ya Bhopal, Marekani ilitunga mwaka 1986 sheria ya haki ya jamii kujua kemikali zilizopo jirani. India, baada ya uvujaji mwingine uliotokea Delhi mwaka 1985, mahakama yake ya juu kabisa iliweka kanuni kwamba anayeendesha shughuli ya hatari analipa madhara yote, bila kisingizio kwamba alikuwa mwangalifu. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 174 wa mwaka 1993 kuhusu kuzuia ajali kubwa za viwandani. Angalia kama nchi yako imeuridhia.

Ukisoma sheria yenu, tafuta mambo matatu: mkaguzi anaweza kufunga mtambo siku hiyohiyo? Ripoti yake inaonwa na umma? Na kama shirika linalotoza kodi ya kiwanda ndilo linalokikagua, andika hilo kwa wino mwekundu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza ghala, tuna mbolea nyingi ya amoniamu nitrati. Nimeandika barua mara tatu kwamba imekaa vibaya, sijajibiwa. Nifanye nini zaidi?*

Marahaba. Swali lako limenikosesha raha. Beirut, tani 2,750 za amoniamu nitrati zilikaa bandarini miaka zaidi ya sita, na barua ziliandikwa, tena si moja. Agosti 4, 2020 zililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Barua inayokwenda kwa mtu mmoja hufia mezani kwake. Ya nne ipeleke kwa mkaguzi wa usalama kazini, zimamoto na chama cha wafanyakazi kwa pamoja, na kila mmoja aone kwamba wengine wameipata. Wakati huohuo fanya lililo ndani ya uwezo wako: iondolee mbolea mafuta, mbao, magunia matupu na kila kinachoshika moto, na usiruhusu kuchomelea vyuma karibu nayo. Na waambie zimamoto kilichomo. Katika mji wa West, Texas, Marekani, mwaka 2013, ghala la mbolea kama hiyo lilishika moto na kulipuka; wengi wa watu 15 waliokufa ni waliokwenda kusaidia kuzima moto.

*Gesi ikivuja nikiwa nyumbani, nikimbie au nijifungie?*

Inategemea gesi na umbali, ndiyo maana maelekezo lazima yatolewe mapema na kiwanda na mamlaka. Kama huna maelekezo: ukiwa nje, angalia upepo unakoelekea, ukate kwa ubavu utoke kwenye njia yake, usikimbie mbele yake. Gesi kama klorini ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni na vyumba vya chini, hivyo panda juu. Kitambaa kilicholowa puani husaidia kwa gesi zinazoyeyuka majini, kama amonia. Ukiwa ndani na wingu limeshafika, funga madirisha, zima feni, ziba nyufa.

*Ndugu mwalimu, mbona mifano yote ni ya milipuko na mawingu? Kiwanda cha kwetu hakijawahi kulipuka, kinamwaga tu majitaka.*

Umenisahihisha vyema. Minamata, Japani, hakuna kilicholipuka. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Umwagaji ulikoma 1968. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, aliwalisha paka majitaka ya kiwanda na paka akaugua vilevile, lakini matokeo hayakutangazwa. Mwaka huohuo kiwanda kilizindua mtambo wa kusafisha majitaka ambao haukuiondoa ile sumu. Kwa hiyo usiulize tu kama mtambo wa kusafisha upo. Uliza unaondoa kitu gani kwa jina, nani anapima, na sampuli inachukuliwa sehemu gani ya mtaro.

*Uzembe wa wafanyakazi je? Ajali nyingi si makosa ya binadamu?*

Mtu wa zamu hugusa valvu ya mwisho, hilo ni kweli. Lakini si yeye aliyezima mtambo wa kupoza miezi kabla, wala aliyeacha nafasi ya mhandisi wazi. Ukiandika "uzembe" kwenye ripoti, umefunga uchunguzi. Endelea kuuliza ni nani aliyeamua.

*Ajali ikishapita, nani anasafisha?*

Mara nyingi hakuna, kama halikuandikwa kabla. Takriban tani 337 za taka zenye sumu ziliondolewa kwenye kiwanda cha Bhopal Januari 2025, miaka 40 baada ya usiku ule, na udongo na maji ya chini ya ardhi bado vina uchafuzi. Kibali cha kiwanda kipya kikiwa mezani, hapo ndipo pa kudai dhamana ya fedha ya kusafishia eneo, iwekwe mahali ambapo mwenye kiwanda hawezi kuigusa hata akifilisika au akihama.