Kupima namba tasa kubwa kwa chaki

Jioni nafundisha hesabu barazani kwetu, Barabara ya 13, Ngamiani, hapa Tanga. Watoto huanza na barabara za mtaani: 11, 13, 17 na 19 ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe; 15 na 21 zinagawanyika. Kwa namba ndogo kama hizo, gawa tu mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Namba ikiwa na tarakimu milioni, hutafika hata uishi umri wa mbuyu.

Ila kwa namba zinazotokana na 2 kuzidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha kutoa 1, ipo njia nzuri sana. Ukizidisha 2 saba unapata 128. Toa 1, ni 127. Kipeo, yaani idadi ya hizo 2, lazima kiwe tasa, la sivyo usijisumbue. Kipeo 15 kinatoa 32,767, na kwa kuwa 15 ni 3 mara 5, namba hiyo inagawanyika kwa 7 na kwa 31, ambazo ndizo zinazotokana na kipeo 3 na kipeo 5.

Tuipime 127. Andika 4. Izidishe yenyewe, toa 2, gawa kwa 127, shika baki peke yake. Rudia. Hatua ni kipeo kutoa 2, kwa hiyo hapa ni tano:

4 inatoa 14.
14 inatoa 194, baki 67.
67 inatoa 4,487, baki 42.
42 inatoa 1,762, baki 111.
111 inatoa 12,319, ambayo ni 127 mara 97. Baki 0.

Sifuri kwenye hatua ya mwisho, basi ni tasa. Wengi hukosea kwa kusahau kutoa ile 2.

Binti mmoja wa darasa la sita aliitazama 111 kitambo, akasema, "Mwalimu, hii si 127 pungufu 16?" Akazidisha 16 kwa 16, 256, akatoa 2: 254, yaani 127 mbili kamili. Tangu siku ile baki ikiwa kubwa tunatumia pungufu lake.

Jaribu na kipeo 11, yaani 2,047. Baada ya hatua tisa utabaki na 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa, na kweli ni 23 mara 89. Kipimo kimekujulisha kwamba inagawanyika bila kukutajia kigawo hata kimoja! Hilo bado linanisisimua.

Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876, kwa mkono, kwamba kipeo 127 kinatoa namba tasa, yenye tarakimu 39. Baadaye Mmarekani D. H. Lehmer akakirahisisha kipimo kikawa hiki. Oktoba 2024 Mmarekani mwingine, Luke Durant, alipata kipeo 136,279,841, namba ya tarakimu 41,024,320, na kompyuta zikaithibitisha kwa kuanza na 4 ileile.

Jumamosi tunafanya kipeo 13, namba ya barabara yetu: 8,191, hatua kumi na moja. Sakafu ya baraza inatosha.