Kabla hujainstoli programu ya kusaka mutesheni za kansa, soma hii

Wewe unayetaka kuweka Mutect2 kwenye sava yenu, tulia kwanza. Diski iwe kubwa, faili la BAM, yaani lile lenye DNA iliyosomwa na kupangwa, la jenomu nzima linakula kama GB 100 hivi, na kwa kila mgonjwa unahitaji mawili, la uvimbe na la damu yake, maana bila la damu utapata shida kujua mutesheni ipi ni ya kansa na ipi kazaliwa nayo. Java angalia vesheni: GATK, ndiyo furushi lenye Mutect2 ndani yake, kuanzia 4.4 inataka Java 17, za nyuma Java 8. Kama huna ruhusa za adimini kwenye sava, Docker, ile ya kuendesha programu ikiwa kwenye kontena lake, sahau, omba Apptainer, inafanya kazi hiyohiyo bila uadimini.

Sasa jenomu ya rejea, yaani ile ya mfano unayolinganishia DNA ya mgonjwa, hapa soma polepole. Zinazotumika sana ni hg19 ya 2009 na hg38 ya 2013, na namba zake za kuonyesha mahali kwenye kromosomu hazilingani. Kuna kijana wa masta nilimwona anateseka, sampuli ya melanoma, kansa ya ngozi, maabara walishathibitisha kwa PCR ina V600E, mutesheni ya jeni ya BRAF, kwenye majibu yake haipo. Akalegeza vichujio, akafuta akainstoli upya kila kitu, mpaka akaanza kudhani sampuli zimebadilishana. Kumbe mutesheni ilikuwepo tangu mwanzo, chr7 (kromosomu ya 7) namba 140753336, ndipo ilipo kwenye hg38, ila programu ya kutafsiri, ile inayokuambia mutesheni iko kwenye jeni gani, ilikuwa na database ya hg19 ambako inakaa 140453136, basi ikaangukia nje kabisa ya BRAF na ikaendelea na kazi zake. Hakuna eror hata moja, kwani huku chr7 na kule chr7! GATK ukiichanganyia rejea inagoma, hizi za kutafsiri nyingi hazigomi. Na mwenye V600E kuna dawa zake, vemurafenib mojawapo, sasa fikiria jibu hilo lingemfikia daktari.

Kwa hiyo rejea iandikwe kwenye jina la kila faili, na kila ukiinstoli au kuapdeti, anza na sampuli ambayo jibu lake unalijua. Usiapdeti katikati ya mradi, nusu ya wagonjwa vesheni hii nusu ile hutaweza kuwalinganisha. FilterMutectCalls, hatua ya kuchuja majibu ya Mutect2, usiiruke. Sampuli za tishu zilizohifadhiwa kwenye parafini zinaleta mutesheni nyingi za uongo za herufi ya DNA C kuwa T, zichuje. Bakapu pia, na diski ikikaribia kujaa usisubiri kazi ikatike usiku, na faili za wagonjwa usiziache kwenye folda inayofunguliwa na kila mtu.