Mizizi ya pamu ikitokeza nje usiikate

Jamani mlio na ile miti ya pamu ya mapambo mbele ya nyumba, ukiona mizizi imetokeza pale shinani kama vidole vimebanana usikimbilie panga. Pamu ndo ilivyo, ni kama mnazi tu, haina mzizi mkuu, inatoa vimizizi vipya palepale chini ya shina maisha yake yote. Ya kwangu hapa Uyole, Mbeya, mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili zinashuka na udongo, mizizi ikabaki inaning'inia hewani, ile mizizi michanga ikikauka haiendi tena chini na mti unaanza kuyumba. Nilichofanya nimejaza udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kuifunika mizizi tu, halafu juu nikatandaza majani makavu ila yasiguse shina. Usirundike kichuguu bwana, shina likizikwa linaoza. Na anayefyeka nyasi mwambie akae mbali na shina maana kidonda cha pamu hakizibi, kinabaki hivyohivyo miaka yote.