Kujifunza Kijapani ukiwa Nairobi: anza na daftari la miraba

Usianze na misemo ya watalii iliyoandikwa kwa herufi zetu. Ukizizoea kwa miezi miwili, macho yatakataa kusoma kitu kingine. Anza na hiragana, herufi 46 za msingi. Nunua daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa darasa la kwanza, na penseli. Andika herufi tano kwa siku, kila moja mistari miwili, huku ukiitamka. Kila siku ya sita usiongeze mpya: funika ukurasa, uandike zote kwa kukumbuka. Kwa mwendo huo utamaliza kabla ya wiki mbili kwisha.

Katakana nazo ni 46, sauti zilezile, ila huandikia zaidi maneno ya kukopa: basu, hoteru, takushii. Maana yake huhitaji kuambiwa. Wengi hukwama kwenye シ na ツ. Zitazame kwa karibu. シ (shi) ina vistari viwili vilivyopangana juu na chini upande wa kushoto, na mstari mrefu unaanzia chini ukipanda kulia. ツ (tsu) ina vistari viwili vilivyosimama bega kwa bega, na mstari mrefu unaanzia juu kulia ukishuka kushoto. Ukikariri sura tu, zitakuchanganya kila siku. Kariri mkono unakoelekea. ン (n) na ソ (so) zina mchezo uo huo, kwa kistari kimoja.

Kwenye sauti una mtaji. Irabu tano za Kijapani zinakaribiana sana na zetu, na kama r na l hukupiga chenga kwa sababu ya lugha ya nyumbani, tulia: Kijapani hakizitofautishi. Hatari iko kwenye urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Piga makofi: ki-te mawili, ki-t-te matatu, na kwenye kofi la katikati ulimi unaganda, kimya. Kosa la pili ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo bila kujua tunasema NagaSAki. Mjapani hakazi silabi kwa nguvu. Hupandisha sauti kwenye ga, kisha huishusha. Huwezi kulisikia kosa hili ukiwa unaongea, kwa hiyo jirekodi kwa simu ulinganishe. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World-Japan, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani ya bure mtandaoni, yenye maelezo ya Kiswahili. Sikiliza kipande kimoja kwenye matatu asubuhi, na kilekile jioni.

Kwenye sarufi, kitenzi hukaa mwisho: mizu o nomimasu, "maji nakunywa". Vijineno vya katikati ndivyo vinavyosumbua. Kiswahili husema "mjini" uwe unakaa huko au unafanya kazi huko, Kijapani hutenganisha. Unaishi Nairobi ni, lakini unafanya kazi Nairobi de. Andika sentensi kumi za kila kimoja kabla ya kusonga mbele.

Kuhesabu kusikutishe, maana umelelewa na ngeli. Kijapani huongeza kijineno kwenye namba kulingana na umbo la kitu: kalamu na chupa ni -hon, karatasi ni -mai, vitabu ni -satsu. Sauti hubadilika pia: ippon (kalamu moja), nihon (mbili), sanbon (tatu). Ukisahau dukani, hitotsu, futatsu, mittsu (moja, mbili, tatu) zitakuokoa kwa vitu vingi.

Saa ndizo mtego mkubwa. Saa moja asubuhi ni shichi-ji, yaani saba. Ukitafsiri neno kwa neno useme ichi-ji, umechelewa treni kwa saa sita. La kuchekesha ni kwamba Japani iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo saa tatu asubuhi hapa, kwao ni san-ji ya alasiri. Namba ya saa yetu Nairobi ndiyo namba ya saa yao wakati huohuo.

Kanji, alama zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, za matumizi ya kawaida ni 2,136. Msafiri aanze na mia moja, akizisoma ndani ya maneno: 駅 (eki, stesheni), 出口 (deguchi, pa kutokea), 入口 (iriguchi, pa kuingilia), 男 (mwanamume) na 女 (mwanamke) kwenye milango ya choo. Programu ya Anki, ya kadi za kukariri, ni bure kwenye Android. Weka kadi mpya kumi kwa siku, basi. Ukiweka thelathini, wiki ya kwanza ni raha, kisha marudio yanalimbikizana na unaacha kabisa.

Viza ya utalii haidai cheti cha lugha. Ukitaka kujipima hata hivyo, mtihani wa JLPT, wa kupima Kijapani cha wageni, huanzia N5, ngazi ya chini, hadi N1. Ujue tu kwamba hauna sehemu ya kuongea, kwa hiyo kufaulu hakumaanishi utaelewana na mtu barabarani. Ubalozi wa Japani uko Mara Road, Upper Hill. Uliza huko kuhusu masomo na hafla za utamaduni.

Mazoezi ya mwisho yawe ya majibu. Kila mtu hukariri "eki wa doko desu ka", stesheni iko wapi, halafu akijibiwa anabaki ameduwaa. Kariri migi (kulia), hidari (kushoto) na massugu (moja kwa moja), kisha mwombe rafiki akutajie kwa kasi mkitembea Moi Avenue, nawe ugeuke unakoambiwa.