Taa ya kuchaji ya balkoni: usikimbilie inayowaka kama Uwanja wa Mkapa

Wadau mnaokaa ghorofani, iwe Upanga, Sinza au Mikocheni, balkoni zetu nyingi zinaingia viti viwili na kameza kadogo, juu kamba ya nguo, basi. Sasa mtu anashuka Kariakoo anachukua taa kali kuliko zote dukani, akiiwasha usiku anabaki kukodoa macho tu, nje haoni kitu af jirani wa mbele anavuta pazia kwa hasira. Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, 100 mpaka 200 zinatosha kabisa kulia chakula, na kama ni kupiga stori tu hata 30 inakaa poa. Kwa hiyo cha kwanza kuuliza ni kama mwanga unapungua, ile unashikilia kitufe unashuka taratibu, sio zile zenye kali na kali zaidi.

Rangi chukua ya njano, kwenye boksi wanaandika 2700K au 3000K. Nyeupe ya 6500K inaita wadudu zaidi, na mvua za vuli zikianza mnawajua kumbikumbi wanavyotua kwenye sahani ya wali. Mbu ni habari nyingine, hao wanafuata pumzi na harufu ya mwili wako, jipake dawa tu.

Betri sasa, hapa ndo watu wanapigwa. Taa nyingi ndogo ndani zina betri moja ya lithiamu ya duara, nene kuzidi ya rimoti kidogo, inaitwa 18650. Betri hiyo moja hata ikiwa ya kampuni kubwa haizidi sana mAh 3500 (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri), kwahiyo ukiona imebandikwa 9900mAh ujue hiyo ni stika tu, rudisha shelfuni maana aliyedanganya hapo kadanganya na kwenye lumeni. Hesabu yenyewe rahisi, mAh zidisha kwa 3.7 gawa kwa 1000. Betri ya 2000 inakupa wati-saa 7.4, hizo ndo unagawa kwa wati za taa kupata masaa, ukiiwasha kwa wati 2 ni masaa matatu na kitu, ukipunguza mpaka nusu wati inakupeleka mpaka alfajiri hata TANESCO wakikata saa moja jioni. Zile za zamani zenye betri nyeusi nzito ya mraba mi sizishauri, ukiisahau haina chaji miezi miwili imekufa.

Tundu la kuchajia liwe Type-C, ili waya wa simu utumike. Ila muombe muuzaji akuchomekee kwa waya wa C pande zote mbili, kuna taa zinagoma kabisa kuchaji na huo waya mpaka upate wa USB ya kawaida. Hapohapo dukani iwashe uipunguze kabisa, fungua kamera ya simu uielekeze kwenye taa, ukiona mistari mistari inatembea kwenye skrini taa hiyo inapepesa, macho yanaweza kuuma hata kama huoni.

Wa Masaki, Kawe, Mbezi Beach, hewa ya chumvi inakula chuma cha tundu la chaji mapema mno, tafuta yenye kifuniko cha mpira kinachobana, na kwenye boksi iwe angalau IPX4, hiyo inavumilia kurushiwa maji mvua ikija na upepo. Kasola kale ka juu kanakouzwa kama ofa usikategemee, kenye ukubwa wa kiganja kanahitaji jua la siku nzima au zaidi, na kuiacha taa juani ipate moto hivyo ndo unaiua betri. Mchana iingie ndani.

Kutundika, wengi tuna grili kwahiyo ndoano inatosha. Zenye sumaku kitakoni ni nzuri ila angalia mlango wako kwanza, fremu za alumini hazishiki sumaku.